Daftari la fundi, vipimo vyako: kuomba nakala za rekodi zako za matibabu na za utumishi Uganda

"Faili langu wamelificha."

Kaa kwenye kibanda cha chai karibu na kambi ya Bombo, au kwenye benchi la wagonjwa wa nje huko Arua, na hutamaliza kikombe kabla hujalisikia neno hilo. Mstaafu wa jeshi anasema faili lake limefichwa ili wengine wale pensheni yake. Mama anayepelekwa Kampala kwa upasuaji anasema hospitali ya kwanza imeficha majibu ya vipimo. Mwalimu aliyefundisha miaka thelathini anaambiwa barua yake ya kuajiriwa haionekani. Ndipo anapotokea kijana wa shati safi. Anajua mtu ndani, na kwa kitu kidogo faili litatoka Ijumaa.

Nimewasaidia majirani wengi kuandika barua za namna hii. Sisemi kwamba hakuna faili linalofichwa. Yapo. Lakini kwa kila faili lililofichwa nimekutana na mengi yaliyoombwa kwenye dirisha lisilo lake, kwa jina lisilolingana, au kwa neno ambalo karani alilielewa vingine. Kijana wa shati safi anaishi kwa mkanganyiko huo.

Tuanzie mbali kidogo, kwa fundi cherehani. Mwaka jana ulishonewa kanzu. Fundi alikupima mabega, kifua na urefu wa mkono, akaandika kwenye daftari lake. Daftari ni lake, alilinunua mwenyewe, na kurasa zake zina vipimo vya wateja wengine, pengine hata vya mke wa jirani yako. Huwezi kumwambia akupe daftari uondoke nalo. Lakini vipimo vya mwili wako si vyake. Ukihamia Jinja ukampata fundi mwingine, unaweza kurudi kwa yule wa kwanza umwombe akunakilie mstari wako. Hana sababu ya kukunyima. Wala hana ruhusa ya kumsomea mpita njia kifua chako kina inchi ngapi.

Mtoe fundi, weka hospitali. Mtoe tena, weka wizara, wilaya, kampuni ya ulinzi au kambi ya jeshi. Faili ni la ofisi, habari zilizomo ni zako. Watu wawili wanaogombana dirishani mara nyingi wote wana haki: karani anasema "faili ni mali ya serikali", na anasema kweli, mgonjwa anasema "ni habari zangu", naye anasema kweli. Mgonjwa anadai daftari wakati anachohitaji ni nakala ya mstari wake.

Kabla ya kwenda mbali, tuyapange maneno, kwa sababu neno moja likikosewa linaweza kukugharimu wiki mbili.

Rekodi ni kile kilichokwisha kuandikwa: fomu ya kulazwa, majibu ya maabara, barua ya kupandishwa cheo. Nakala ni kivuli cha rekodi hiyo, fotokopi au chapisho la kompyuta. Nakala iliyothibitishwa ni kivuli hichohicho, ila kimegongwa muhuri na kutiwa saini na ofisa anayeshuhudia kwamba ameiona ya asili. Ripoti ni kitu kingine kabisa. Ripoti ya daktari ni maandishi mapya: daktari anakaa, anasoma faili, anakuandikia maelezo ya kupeleka kwa mwajiri, kwa bima, mahakamani au kwa hospitali ya India. Inamla muda, na mara nyingi hutozwa ada. Wengi hufika dirishani wakisema "nataka ripoti", wakaambiwa walipe na wamsubiri daktari ambaye yuko kwenye semina, kumbe walichohitaji ni nakala ya majibu ya maabara na fomu ya kuruhusiwa, ambazo ofisa wa rekodi angezitoa bila daktari kuandika mstari mpya.

Kwenye matibabu, Uganda ina mambo yake. Ada za kutibiwa katika vituo vya serikali ziliondolewa mwaka 2001, lakini daftari unakwenda nalo mwenyewe. Ni lile daftari la watoto wa shule, mara nyingi lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Mganga anaandika humo unachougua, anaandika vipimo, maabara wanajaza majibu, mganga anaandika dawa, unapita dirisha la dawa, unarudi nalo nyumbani. Kituoni panabaki nini? Mstari mmoja. Kwenye kitabu kikubwa cha wagonjwa wa nje panaandikwa tarehe, jina lako, umri, kijiji, ugonjwa uliogunduliwa na dawa ulizopewa. Maabara nayo ina kitabu chake, chenye mstari wake.

Kwa hiyo mtu aliyetibiwa malaria, shinikizo la damu na vidonda vya tumbo kwa miaka kumi kwenye kituo cha afya cha daraja la tatu, halafu akaenda kuomba "faili langu lote", ataambiwa hakuna faili. Atadhani anafichwa. Hafichwi. Faili lake lote la mgonjwa wa nje ni yale madaftari manne aliyoyaweka juu ya kabati, mawili yakaliwa na mchwa, moja watoto wakalichorea magari. Nimeona mzee akitumia siku tatu kusafiri kwenda na kurudi akitafuta rekodi ambazo mke wake alizitumia kuwashia sigiri.

Faili la kweli, lile la jalada lenye namba, huwepo pale ulipolazwa, ulipofanyiwa upasuaji, ulipojifungulia wodini, au unapohudhuria kliniki ya maradhi ya muda mrefu: virusi vya Ukimwi, kifua kikuu, selimundu, kisukari, saratani. Kliniki za virusi vya Ukimwi ndizo zilizotangulia mbali kwa utunzaji. Nyingi zina kadi ya mgonjwa na mfumo wa kompyuta wa UgandaEMR juu yake. Kama wewe ni mteja wa kliniki hiyo na unahamia wilaya nyingine, usiombe nakala ya faili zima, omba barua ya uhamisho. Ina tarehe uliyoanza dawa, dawa unazotumia na majibu ya karibuni, na kliniki mpya inaielewa mara moja.

Hapa niguse imani inayoenea siku hizi, kwamba namba ya kitambulisho cha taifa, ile NIN yenye herufi na tarakimu kumi na nne, ukiiingiza kwenye kompyuta ya hospitali yoyote itafunua kila ulichowahi kuugua. Haifanyi hivyo. NIN inathibitisha wewe ni nani. Kila kituo kinatunza chake. Baadhi ya hospitali za umma zimeingizwa kwenye mfumo wa kompyuta uitwao eAFYA (kwa mara moja wametukumbuka Waswahili kwenye jina), lakini rekodi zako za kabla ya mfumo huo zimo kwenye makabati ya palepale ulipotibiwa. Ukitaka za Koboko, ziombe Koboko.

Nani anakupa nguvu ya kuomba? Katiba ya 1995, ibara ya 41, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, isipokuwa pale kutolewa kwake kutahatarisha usalama au mamlaka ya nchi, au kutaingilia faragha ya mtu mwingine. Shika hilo neno "mwingine". Karani akikwambia "hizi ni siri za mgonjwa", muulize kwa upole, mgonjwa ni nani? Siri ya mgonjwa inalindwa ili jirani, mwajiri na shemeji wasiipate. Haikuwekwa ili mgonjwa mwenyewe asiipate.

Chini ya Katiba zipo sheria mbili, na watu wanazichanganya kila siku.

Ya kwanza ni Sheria ya Kupata Habari ya 2005. Inahusu taasisi za umma tu: wizara, wilaya, hospitali za serikali, mashirika ya serikali. Anayeitumia ni raia. Ofisi ina siku 21 za kukujibu, na kwa sababu zilizotajwa kwenye sheria inaweza kuongeza muda mara moja, si zaidi ya siku 21 nyingine. Muda ukipita kimya, sheria inahesabu kimya hicho kuwa kukataliwa, nawe unaruhusiwa kupeleka malalamiko kwa hakimu mkuu wa eneo lako. Jambo ninalolipenda zaidi kwenye sheria hii ni kwamba haki yako haitegemei sababu. Ofisa anaweza kukuuliza unazitaka za nini, mazungumzo ni mazungumzo, lakini hawezi kukunyima kwa kuwa jibu lako halikumfurahisha. Na mtu asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, anaweza kuomba kwa mdomo. Ofisa ndiye anayepaswa kuyatia maneno yake kwenye karatasi. Hili halijulikani hata na maofisa wengi.

Ya pili ni Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Hii inamshika kila anayekusanya habari za watu, awe serikali, hospitali ya misheni, kliniki ya binafsi, benki, shule au mwajiri. Inakutaka kwanza uthibitishe kuwa wewe ndiwe wewe. Ukishathibitisha, unaweza kumtaka akwambie kama anazo habari zako, ni habari zipi, na ni nani mwingine aliyezipata. Ana siku 30. Sheria hii inaziweka habari za afya kwenye kundi la pekee, pamoja na mambo kama dini na siasa za mtu, kwa hiyo zinalindwa zaidi. Na ukikuta zimeandikwa vibaya, inakupa haki ya kuomba zirekebishwe.

Ukitaka mfano wa jikoni: sheria ya 2005 inakufungulia jiko la serikali uchungulie vyungu; ya 2019 inakupa nguvu ya kudai sahani yako mwenyewe, hata kama jiko ni la mtu binafsi. Kwa hospitali ya serikali unaweza kuzitaja zote mbili kwenye barua moja. Kwa kliniki ya binafsi taja ya 2019, kwa sababu ukitaja ya 2005 wakili wao atacheka, na safari hii atakuwa na haki ya kucheka.

Kando ya sheria kuna Hati ya Haki za Wagonjwa ya Wizara ya Afya, iliyotolewa mwaka 2009. Si sheria, ni maelekezo ya wizara kwa watu wake, lakini inasema waziwazi jambo ambalo sheria zinalizunguka: mgonjwa anastahili kupata habari za matibabu yake pamoja na nakala ya rekodi zake. Muuguzi mkuu anaweza asiijue sheria ya data. Hati hii alikutana nayo, pengine iko ukutani nyuma ya kiti chake.

Na mahakama? Mwezi wa kwanza 2017, Mahakama Kuu ya Kampala ilitoa hukumu katika kesi ya wazazi waliopotelewa na mtoto mchanga katika hospitali ya Mulago, wakisaidiwa na CEHURD, shirika linalotetea haki za afya. Wazazi walilalamika, pamoja na mengine, kwamba walinyimwa habari za nini kilimpata mtoto wao. Wakashinda. Ninaitaja kwa sababu mawakili wa wagonjwa wanaitaja, na kwa sababu inaonyesha uzito wa karatasi ndogo: nani alimpokea mtoto, saa ngapi, alimkabidhi kwa nani.

Upande wa utumishi mkanganyiko ni wa namna nyingine. Kule kwenye matibabu tatizo ni kwamba karatasi unazo mwenyewe bila kujua. Kwenye utumishi karatasi zipo, ila zilihamishwa, au ofisi ndiyo iliyohama na kuziacha.

Mtumishi wa umma ana faili binafsi kwenye masijala ya mwajiri wake. Humo huwekwa barua ya kuajiriwa, barua ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa cheo, za likizo, za onyo. Siku ya kustaafu hesabu ya pensheni inategemea tarehe zilizomo. Walimu wa shule za msingi huajiriwa kupitia Kamisheni ya Utumishi ya Wilaya, wale wa sekondari za serikali kupitia Kamisheni ya Utumishi wa Elimu. Barua yako ya kuajiriwa ina namba ya kikao kilichoamua uajiriwe. Barua ikipotea lakini unaikumbuka namba ile, hujapotea: unaomba kamisheni ikupe nakala ya muhtasari wa uamuzi huo. Inyakue kutoka kwenye barua yoyote ya zamani, iandike kwenye jalada la Msahafu au Biblia yako, popote usipopapoteza.

Sasa angalia ramani. Yumbe ilikuwa sehemu ya wilaya ya Arua hadi mwaka 2000. Koboko ilitoka Arua mwaka 2005. Baadaye zikaja Maracha, Madi-Okollo, Terego, na Arua yenyewe ikawa jiji mwaka 2020. Mwalimu aliyeajiriwa mwaka 1994 akafundisha Yumbe maisha yake yote bila kuhama hata kijiji, faili lake la mwanzo linaweza kuwa Arua. Masijala ya Yumbe watamwambia "huna faili la kabla ya 2000", atarudi nyumbani akisema wamelificha, nalo liko Arua, kwenye kabati la wilaya mama, linamsubiri. Wilaya nyingi za Uganda zimezaliwa hivi. Kabla ya kumlaumu karani, jiulize siku uliyoajiriwa wilaya yako ilikuwa inaitwaje.

Mafaili ya zamani sana ya serikali yana nyumba yao, Kituo cha Taifa cha Rekodi na Nyaraka pale Wandegeya, Kampala, chini ya Wizara ya Utumishi wa Umma. Si mahali pa kuanzia, ila wizara ikikwambia faili lilihamishiwa huko, uliza lilihamishwa kwa namba gani.

Jeshini ndiko maneno yamejaa kuliko kote. "Jeshi halitoi chochote, kila kitu ni siri ya taifa." Si kweli, na si uongo mtupu. Siri za ulinzi zimekingwa na Katiba na sheria ya 2005; usitegemee kupewa ripoti ya operesheni uliyopigana, hata kama ulikuwa mstari wa mbele. Lakini tarehe uliyojiunga, vyeo ulivyopata, majeraha yaliyoandikwa na daktari wa jeshi, tarehe uliyoachiwa na malipo uliyopewa, hizo ni habari zako. Ukiandika "naomba faili langu lote" unamlazimisha ofisa aliogope faili zima. Ukiandika "naomba nakala ya hati yangu ya kuachiwa na maelezo ya jeraha la mguu la mwaka fulani", umemwondolea hofu.

Taja namba yako ya jeshi, ile inayoanza na RA, au RO kwa maofisa. Taja jina la jeshi la wakati huo: kabla ya Katiba ya 1995 lilikuwa NRA, baadaye likawa UPDF. Na taja njia uliyotokea. Kati ya 1992 na 1995 askari zaidi ya 36,000 walipunguzwa jeshini kwa awamu na kupitishwa kwenye Bodi ya Kuwasaidia Askari Wastaafu wa Uganda. Karatasi za mtu wa kundi hilo hazifanani na za aliyestaafu kwa umri mwaka 2015. Barua ya leo inakwenda kwa Wizara ya Ulinzi na Masuala ya Askari Wastaafu, Mbuya. Ukiiacha getini Bombo kwa sababu ndiko unakokaa, itabidi mtu aisafirishe, na barua zinazosafirishwa na watu huchoka njiani.

Mfanyakazi wa kampuni binafsi habari yake ni fupi. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa haki, anapoacha kazi na akaomba, ya kupewa cheti cha utumishi kinachoonyesha alianza lini, aliacha lini na alikuwa akifanya kazi gani. Sababu ya kuachishwa haiwekwi humo ila yeye mwenyewe akiitaka, kwa hiyo bosi mwenye hasira hana pa kuimwagia. Taarifa ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo ni rekodi ya utumishi, na mara nyingi ndiyo yenye ukweli: inaonyesha mwezi kwa mwezi nani alikukatia asilimia 5 na kama aliongeza ile 10 yake.

Barua yenyewe isikutishe. Uliza kwanza kama wana fomu; Kanuni za 2011 za sheria ya kupata habari zinayo. Ikiwepo ijaze na barua uiambatishe. Mimi huandika hivi:

"Kwa Mkurugenzi wa Hospitali, kupitia kwa Ofisa wa Rekodi. Mimi ni (jina kama lilivyo kwenye kitambulisho), niliyeandikishwa hospitalini kwa jina la (kama lilivyoandikwa siku ile). Nililazwa wodi ya upasuaji tarehe 3 hadi 9 Machi 2022. Naomba nakala ya fomu ya kulazwa, maelezo ya upasuaji, majibu ya maabara na fomu ya kuruhusiwa. Naomba pia nielezwe kama habari hizi zimepewa ofisi nyingine. Ninaomba chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 na Sheria ya Kupata Habari ya 2005. Nimeambatisha nakala ya kitambulisho changu."

Haizidi hapo. Hakuna wakili, hakuna kiapo. Iandike kwa Kiingereza kama unaweza kupata wa kukuandikia. Katiba imekifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini kwa matumizi ambayo Bunge litayapanga kwa sheria, na masijala hawataki kusubiri Bunge, wala wewe usisubiri. Chapisha mbili. Moja waachie, ya pili wagonge muhuri wa kupokea wenye tarehe. Muhuri huo ndio unaoanzisha kuhesabu siku 21 au 30. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni kama salamu uliyompa mtu aliyelala.

Lile la jina "kama lilivyoandikwa siku ile" nimelijua kwa jasho. Shangazi yangu alilazwa hospitali moja, nisiitaje, na tulipokwenda kuomba nakala tuliambiwa siku tatu mfululizo hayumo. Kitambulisho kinasema Khadija. Siku ya nne dada mmoja wa rekodi, ambaye namwombea dua hadi leo, akatuuliza, "Mmejaribu Hadija? Mmejaribu Adija?" Alikuwa Adija. Kwetu kaskazini Ramadhani huandikwa Ramathan, Yusuf akawa Yosufu, na mtu mmoja anaweza kuwa na majina matatu kwenye madirisha matatu ya jengo moja. Nenda na orodha ya namna zote jina lako linavyoweza kuharibiwa. Kama tarehe ya kuzaliwa kwenye faili la utumishi hailingani na ya NIRA, mamlaka inayotoa vitambulisho vya taifa, usiisubiri siku ya kustaafu. Hilo ndilo linalosimamisha pensheni za watu, na kurekebisha ukiwa bado kazini ni rahisi kuliko kurekebisha ukiwa huna mshahara wa nauli.

Kuhusu pesa: kunakili kunaweza kuwa na ada. Ada ya serikali mara nyingi hulipwa kwa namba ya malipo ya URA (mamlaka ya mapato), benki au kwa simu, na ina risiti. Pesa inayodaiwa mkononi, nje ya geti, na kijana wa shati safi, haimo kwenye sheria yoyote niliyoitaja.

Adabu pia ina kazi yake. Muuguzi anayesikia neno "rekodi" mara nyingi anasikia "kesi". Anadhani unakwenda kushtaki, anajifunga. Salimia, mwite sista au afande kama inavyostahili, mwambie ni kwa ajili ya kuendelea na matibabu au pensheni kama ndivyo ilivyo. Hulazimiki kueleza, lakini kutolazimika si sababu ya kunyamaza.

Ukinyimwa, omba kukataliwa huko kuwe kwa maandishi. Kwa taasisi ya umma, njia inakwenda kwa hakimu mkuu, kisha Mahakama Kuu. Kwa yeyote, ya umma au ya binafsi, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Wengine wanaidharau kwa kuwa ni changa, lakini ndiyo iliyoiamuru Google mwaka 2025 ijisajili Uganda kama wakusanyaji wengine wa data, kwa hiyo kliniki ya mtaani isijione kubwa. Tahadhari moja: kuna tovuti ya AskYourGov, iliyozinduliwa mwaka 2014 ili wananchi waulize serikali maswali mbele ya macho ya wote. Ni nzuri kwa kuuliza bajeti ya barabara. Usiandike humo ugonjwa wako, maana ombi lenyewe huonekana hadharani.

Ndugu zetu wakimbizi wa Nakivale, Kyaka II na Kyangwali huniuliza kama haya yanawahusu. Sheria ya 2005 inasema raia. Ya 2019 inasema mtu ambaye habari ni zake, athibitishe yeye ni nani. Kwa hiyo ingia kwa mlango wa 2019, na kadi yako ya ukimbizi mkononi.

Mtoto mdogo huombewa na mzazi au mlezi. Marehemu huombewa na ndugu wa karibu au msimamizi wa mirathi. Chukua cheti cha kifo na barua ya mwenyekiti wa LC I, baraza la kijiji, na kama ni mambo ya pensheni, hati ya usimamizi wa mirathi kabisa, la sivyo utarudishwa. Na lipo jambo moja ambapo ofisa anaweza kusitasita kwa haki: akiona kusoma rekodi ya afya kunaweza kumdhuru vibaya mwenyewe, sheria ya 2005 inamruhusu kwanza ashauriane na daktari aliyechaguliwa na mwombaji. Anayeambiwa hivyo amtaje daktari anayemwamini siku hiyohiyo, asiende nyumbani kukasirika.

Siku ya kupokea usiondoke dirishani haraka. Hesabu kurasa, angalia kama nyuma ya kila karatasi kulinakiliwa pia, maana majibu ya maabara hupenda kuandikwa nyuma. Angalia muhuri uko kwenye kila ukurasa au wa kwanza tu, na kama unazipeleka mahakamani au nje ya nchi omba kila ukurasa. Nenda asubuhi. Kuanzia saa saba mchana mwenye muhuri amekwenda kula, na muhuri ameufungia kwenye droo.